Dantela katika somo la tafsiri

Riwaya za Kifaransa za karne ya 19 zimejaa dantela: kwenye kola, kwenye ncha za mikono, kwenye shela za maharusi. Wanafunzi wangu wa tafsiri wakikutana na neno hilo huandika "kitambaa chenye matundu" na kuendelea. Ndiyo maana nalitengea saa mbili nzima, ingawa mwenzangu mmoja kitivoni ananiuliza kila mwaka Mkongo anatafuta nini katika mapambo ya Wabelgiji.

Naanza na majina. Kwa Kifaransa, dentelle ni jino dogo. Waholanzi wanasema kant, yaani ukingo. Lace ya Waingereza, iliyotupatia "lesi", inatoka katika Kilatini laqueus, kitanzi. Majina mawili yanataja umbo, la tatu linataja uzi wenyewe unavyofungwa, na hapo darasa linauliza kitu hiki kinatengenezwaje.

Dantela ya kweli haikatwi katika kitambaa wala haitariziwi juu yake. Inaanza na uzi mtupu. Kwa njia ya sindano, fundi hufuatisha mchoro kwa uzi, hujaza nafasi kwa mishono, kisha huondoa mchoro. Waveneti wa karne ya 16 waliita kazi hiyo punto in aria, mshono wa hewani. Kwa njia ya vijiti, iliyoipa sifa Bruges, nyuzi huviringwa kwenye vijiti vidogo, makumi hata mamia, na kusukwa juu ya mto huku pini zikizishikilia. Darasani natumia kamba nne za viatu. Mbili za katikati zinapishana, kisha kila jozi inajisokota. Miendo ni hiyo miwili tu! Mengine yote ni mpangilio na subira.

Subira hiyo ilikuwa na bei. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis XIV, alianzisha viwanda vya kifalme vya dantela kwa sababu fedha za Ufaransa zilikuwa zikimiminika Venezia na Flanders. Alençon ulikuwa mmoja wa miji iliyohusika. Dantela yake ya sindano iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, na sentimita moja ya mraba huchukua takriban saa saba. Nawaambia wanafunzi wachukue kadi zao za chuo, tuseme sentimita nane kwa tano, na wapige hesabu: saa 280. Hapo kelele huisha.

Saa hizo zilikuwa za nani? Huko Flanders zilikuwa za wanawake na wasichana wadogo, wengi wakifunzwa katika shule za masista, kwa ujira mdogo sana. Mashine ya Heathcoat ya mwaka 1809, iliyofuma wavu kwa haraka, ilizidi kuwabana. Kwa hiyo mwandishi akimvisha bibi fulani dantela, anaonyesha mali ya bibi huyo, na nyuma yake macho ya mwanamke mwingine yaliyochoka. "Kitambaa chenye matundu" kinawafuta wote wawili.

Mwenzangu namjibu kwa soko letu. Kile wauzaji wanachokiita dantela mara nyingi ni tarizi ya mashine. Vorarlberg, huko Austria, imekuwa ikiwatengenezea wanunuzi wa Nigeria kitambaa cha namna hiyo tangu miaka ya 1960. Isitoshe, somo hili hutufikisha Kasai: kwa Wakuba mwanamume hufuma rafia, mwanamke huitarizi. Mwaka jana mjadala mkali kuliko wote ulihusu maneno ya kazi hiyo katika lugha za nyumbani, na nusu ya darasa ililazimika kuwapigia simu bibi zao.

Katika kazi za mtihani nakubali "dantela" na "lesi", mradi mwanafunzi ashikilie moja hadi mwisho. Kwa kitambaa cha mashine nataka "tarizi" iandikwe waziwazi. Anayeandika "wavu" namrudishia karatasi.