MASHINE KUUKUU NA MUZIKI WA KISASA

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule niwaeleze wenzangu habari ya kusikiliza muziki kwa mashine kuukuu, maana naona wengi wetu hudhani kwamba asiye na simu mpya hana njia. Dhana hiyo si kweli, nami nina ushahidi.

Muhula uliopita ilikuwapo kompyuta moja katika stoo yetu, kubwa kama sanduku la safari, imejaa vumbi, inangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu alituruhusu kuijaribu. Tukaipangusa, tukaiwasha, ikawaka. Wenzangu walicheka kwa uvivu wake, lakini tulipoiwekea wimbo ikaimba bila kusita hata mara moja.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haihifadhi sauti yenyewe, bali huhifadhi hesabu zake. Katika sahani ya CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na muziki wa dakika moja hujaza kama MB 10. Mzigo huo ni mkubwa. Basi wataalamu, wakiwamo wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walitafuta njia ya kuupunguza. Waliona kwamba sauti ndogo ikifunikwa na sauti kubwa sikio haliisikii, kwa hiyo yaweza kuachwa. Njia hiyo ndiyo MP3, jina lililochaguliwa mwaka 1995. Kwa kipimo kilichozoeleka, dakika moja ya MP3 yahitaji karibu MB 1 tu, na kadi ya GB 2 huchukua nyimbo kama 500 za dakika nne. Kompyuta za mwisho wa miaka ya 1990 ziliweza kazi hiyo. Yetu, ambayo ni changa kuliko hizo, itashindwaje?

Sisi twatumia programu ya VLC. Haina malipo, na chanzo chake ni kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996.

Tena mashine kuukuu ina jambo ambalo kompyuta nyingi za siku hizi hazina. Tazameni nyuma yake: tundu la kijani ni la kutolea sauti, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingizia sauti kutoka redio au kaseti. Nyumbani tulikuwa na kaseti ya marehemu bibi yangu akiimba nyimbo za harusi za Kishambaa, na ukungu wa huku Mtae ulikwisha kuiharibu nusu. Niliunga redio kaseti na tundu la buluu kwa waya, nikafungua programu ya Audacity, nikaicheza tangu mwanzo hata mwisho, kisha nikahifadhi nyimbo zile kwa MP3. Siku ile ile utepe ukakatika.

Ama vyombo vidogo vya MP3, simu za batani na redio zenye tundu la flashi, navyo vyafaa, bali vina masharti yake:

1. Kadi isizidi GB 32, maana zilizo kubwa zaidi hupangwa kwa namna ambayo vyombo vingi vya zamani havijui kuisoma. Vya kale kabisa hukomea GB 2.

2. Vingi husoma MP3 tu. Sauti iliyorekodiwa kwa WhatsApp si MP3, lazima igeuzwe kwanza kwa VLC.

3. Kompyuta ya Windows XP isiunganishwe na intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kuilinda mwaka 2014.

4. Kunakili nyimbo za wengine na kuziuza bila idhini yao ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Sasa nikiri kosa langu. Likizo ya Desemba nilitia kadi yenye nyimbo za bibi katika simu ya mjomba. Simu ikauliza kama nataka kuisafisha kadi, nami kwa haraka nikabonyeza ndiyo. Zote zikafutika. Mama hakunigombeza, alinyamaza tu, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko fimbo. Nilihesabu siku mpaka shule ikafunguliwa. Nilipoiwasha ile kompyuta, nyimbo zilikuwamo! Nikanakili tena, na nakala ikawa sawasawa na ile ya kwanza, maana hesabu zikinakiliwa hazififii kama sauti ya kaseti.

Basi wenzangu, wimbo msioweza kuupata tena uwekeni mahali pawili, wala msiharakie kutupa mashine kwa kuwa imezeeka. Ile yetu haikuuzwa. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne