Maili Kumi za Pwani: Mpaka Uliotuachia Kadhi na Hati za Ardhi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi, kabla hajafika Mariakani huwa amekwisha kuvuka mpaka mkubwa bila kuuona. Hauna ukuta wala mto. Ni maili kumi tu kutoka baharini, lakini maili hizo ndizo zilizotengeneza mambo mengi ya Pwani yetu.

Nchi iliyokuwa Mkoa wa Pwani ni pana, kuanzia Vanga hadi Kiunga, na bara yake yafika Taveta chini ya Kilimanjaro. Tangu mwaka 2013 yatawaliwa na kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hesabu ya watu ya 2019 yaonyesha jinsi zilivyotofautiana. Mombasa, iliyo ndogo kabisa kwa eneo, ilikuwa na watu 1,208,333, hali Tana River, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa na 315,943.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuwa milki ya Sultani wa Unguja katika mrima wetu haizidi maili kumi kwenda bara. Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini akawaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda huo kwa kodi ya mwaka, na bendera yake ikabaki kupepea. Ndiyo sababu maliwali, mamudiri na makadhi waliendelea na kazi zao katika miji ya Waislamu, pembeni ya madisii wa Kizungu. Taita na sehemu kubwa ya bonde la Mto Tana zilikuwa nje ya ukanda.

Ardhi nayo ikafuata njia ya peke yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai aje athibitishe milki yake. Aliyekuwa na karatasi na mashahidi aliandikishiwa. Shamba lisilodaiwa likahesabiwa kuwa mali ya serikali. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuandikwa popote, walipata hasara kubwa, na Waswahili wengi vilevile. Hapo ndipo lilipoota neno maskwota.

Oktoba 1963, Kenya ikikaribia uhuru, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, waliandikiana barua. Ukanda uliingia Kenya, na Kenya ikaahidi kulinda dini ya Waislamu, mahakama za makadhi, na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa.

Basi tazama, ndugu msomaji: karatasi zile zile zilizomhifadhi kadhi ndizo zilizothibitisha hati ambazo wajukuu wa walioikosa 1908 wanazilalamikia hata leo.

Uliwali umekwisha, mkoa nao umekwisha. Kadhi yupo: katiba ya 2010 imempa kuamua ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Swala la ardhi lingali lasubiri. Hekima ya kutunza karatasi twaipata katika Qurani, ambayo yatuamrisha tuandike deni tunapokopeshana. Mzee mwenye shamba na aandike leo, na watoto wake wajue karatasi imewekwa wapi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.