Je, Wajua? Magurudumu Mawili kati ya Korogwe na Handeni

Je, wajua kuwa Korogwe–Handeni na Handeni–Korogwe ni safari mbili tofauti? Kilomita ni zilezile 65, uende ama urudi. Lakini Korogwe imekaa bondeni kando ya Mto Pangani, na Handeni imekaa juu. Mtu wa Korogwe hupanda asubuhi akiwa na nguvu mpya na keria tupu, jioni akarudi akiserereka. Mtu wa Handeni hupata kinyume chake: huteremka kufuata bidhaa, kisha hupandisha mzigo jua likiwa utosini. Aliyepanga milima hii hakuwauliza wafanyabiashara wa Chanika, pale Handeni mjini.

Wajua kuwa lami ya njia hiyo ni ya miaka ya 2010 tu? Wenye miguu ya zamani wanaikumbuka barabara ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi, na masika udongo mwekundu ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Dawa yake haikuwa spana, ilikuwa kijiti cha kukwangua. Ukiacha lami leo ukaingia vijijini wakati wa mvua, chukua kijiti chako.

Wajua kuwa maji nayo hupanda kilima hichohicho? Mradi mkongwe wa Handeni Trunk Main, ambao wenyeji huuita HTM, ni wa miaka ya 1970. Huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni. Siku bomba likikauka, baiskeli hushika zamu. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 za maji; madumu manne ni kilo 80, na wapo vijana wanaobeba hivyo ambao wenyewe hawafiki kilo 60. Siri yao ni kujaza dumu mpaka mdomoni na kubana kifuniko kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Dumu lililojaa nusu ni jepesi lakini ni baya zaidi, kwa sababu maji huyumba na baiskeli huyafuata.

Je, wajua kuwa mtu anayeendesha baiskeli kwenye tambarare hutumia takriban sehemu moja ya tano ya nguvu ambazo angetumia kutembea umbali uleule? Angalia neno tambarare. Anayetamba kwa hesabu hiyo apelekwe kilimani.

Wajua kuwa Handeni iliwahi kuwa na reli? Wengi hukataa, maana treni wanayoijua ni ile ya Tanga. Hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na baadaye ikaendelea hadi Moshi. Handeni ikabaki pembeni. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na reli mbili zisizokutana, ya Tanga kaskazini na ile ya kati kutoka Dar es Salaam, na walihitaji kupitisha mizigo kutoka moja kwenda nyingine. Wakatandika reli nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, na vitoroli hivyo vilisukumwa kwa nguvu za watu. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka na bonde la Pangani, na ndani ya mwezi huo mmoja Korogwe na Handeni zote zikatekwa. Vitabu vya vita humtaja jenerali, humtaja na adui yake. Waliosukuma vitoroli hawatajwi hata kwa jina la kijiji. Ningekuwa na sauti mahali, njia ile ya Mombo–Handeni ningeifanya njia ya baiskeli.

Na adui huyo, Paul von Lettow-Vorbeck, wajua kuwa alikuwa mtu wa baiskeli? Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India kuivamia Tanga, alipakia askari wake kwenye treni kutoka upande wa Moshi, nao wakapita Korogwe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 yeye mwenyewe alipanda baiskeli akaingia kwenye mitaa mitupu ya Tanga kuchungulia waliko maadui. Farasi angekwatua kwato, gari lingenguruma. Kesho yake wavamizi walishindwa, ingawa walikuwa wengi mara kadhaa kuliko askari wake. Nyuki waliowashambulia askari vitani siku hiyo wamepata sifa nyingi katika masimulizi. Ile baiskeli, kidogo sana.

Je, wajua adui mkubwa wa tyubu huku ni nani? Si msumari. Ni mbigili, mmea unaotambaa chini, maua yake madogo ya njano yanapendeza macho. Tunda lake kavu hupasuka vipande, na kila kipande kina miiba iliyokaa kwa namna ambayo hata kikiangushwa vipi, mwiba mmoja hutazama juu. Unaposimama kivulini kunywa maji, usiiburute baiskeli majanini, ibebe. Na ukishapata pancha, usikimbilie kiraka. Kwanza pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, umtafute mwenye kosa. Anayeziba tyubu na kuuacha mwiba ndani ya tairi atarudi kwa fundi kabla ya chai kupoa, na fundi hatamwonea huruma, atatoza tena.

Ya fundi yenyewe: karai la maji, pampu, kipande cha msasa, solusheni, mkasi na tyubu kuukuu ya kukatia viraka. Kwa vitu hivyo, chini ya mwembe, kuna watu wanaoweza kulisha familia.

Wajua kuwa gurudumu la mbele na la nyuma la baiskeli ya kizamani hayana idadi sawa ya spoku? Zihesabu. Kwenye baiskeli nzito nyeusi za mtindo wa Kiingereza, ambazo baadaye ziliigwa na viwanda vya India na China, mbele kwa kawaida ni 32 na nyuma ni 40. Nyuma ndiko aliko mpandaji, na ndiko iliko keria, magunia, mke na mtoto. Baiskeli hizohizo ndizo zenye tairi za inchi 28 na breki za vyuma badala ya waya. Wenye baiskeli za gia za mtumba huzicheka. Mimi ninayo ya gia, ya kwendea kazini na kutembelea Jumapili, na sizicheki: chuma kinachopinda kwa ajali hunyooshwa kwa nyundo, ila kibadilisha gia cha nyuma kikivunjika njiani kule Sindeni, utatembea.

Wajua kuwa Tanzania iliwahi kuunda baiskeli yake? Iliitwa Swala, ikatengenezwa Dar es Salaam na shirika la umma, NABICO. Waulize wazee, watakwambia ilikuwa ngumu kama kichwa cha mwenye nayo.

Je, wajua kuwa pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume? Parafujo yake imekatwa upande mwingine, ili mzunguko wa mguu usiilegeze ikadondoka njiani. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, hukaza zaidi, hatimaye huvunja spana ama heshima. Fundi hukaa pembeni akitazama. Hasemi kitu mpaka aulizwe.

Wajua kuwa tairi la upepo ni kazi ya daktari wa mifugo? John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alilipatia hataza mwaka 1888 baada ya kuhangaikia baiskeli ya mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelibuni miaka ya 1840, ila wakati huo baiskeli za kulivaa hazikuwapo.

Wajua kuwa katika nchi ya mkonge mzigo wa baiskeli haufungwi kwa kamba ya mkonge? Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf: aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo michache Tanga nzima ikageuka shamba, na Korogwe ikazungukwa na mistari ya mkonge kutoka Ngombezi, Magunga hadi Hale. Lakini nenda sokoni utazame keria. Kuni, mkaa, machungwa, kuku kwenye tenga, vyote vimebanwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu zilizochoka. Mkonge una nguvu ila hauvutiki, na mzigo ukijipanga upya kwenye makorongo, kamba hulegea. Mpira hufuata mzigo.

Je, wajua kuwa mlima wa kujipima nao huanzia palepale wilayani Korogwe? Anzia Mombo. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33, na utapanda karibu mita 1,000 kupitia Soni, kona baada ya kona. Wanaopanda kwa starehe husimama Soni na kujidai wanatazama maporomoko ya maji. Kuteremka ndiko kunakohitaji akili: breki zinazobana rimu zikishikwa mfululizo huchemsha rimu, na rimu iliyochemka huweza kupasua tyubu. Bana, achia, bana, achia. Wale vijana wanaoteremsha mizigo ya mboga kutoka juu wanajua hivyo bila kufundishwa na mtu.

Asiyetaka mlima afuate bonde la Lwengera kuelekea Magoma na Mashewa. Usambara ya Mashariki upande mmoja, ya Magharibi upande mwingine, na wewe katikati, bila kulipa kiingilio.

Wajua kuwa Tanga mjini wanawake wa rika zote huendesha baiskeli, na baibui zao, na hakuna anayegeuka kutazama? Mji ule ni tambarare, na baiskeli imezoeleka huko vizazi na vizazi. Ukipanda huku juu utawaona wanawake wachache zaidi kwenye siti, ingawa kazi za kubeba ni zao nyingi. Wapo watakaokwambia ni desturi. Mimi nasema tatizo ni bomba la katikati la fremu ya kiume, pamoja na baba mwenye baiskeli anayetaka kuipata mlangoni akiamka.

Je, wajua sheria inasemaje? Tanzania inayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na baiskeli imo humo, si mgeni barabarani. Kwenye makazi gari halitakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na basi la abiria halitakiwi kuzidi 80 popote. Korogwe imekatwa na barabara kuu ya kwenda Arusha, kwa hiyo kila anayevuka kwenda sokoni hukutana na namba hizo ana kwa ana. Ushauri wangu, usiokuwa wa kisheria: usiendeshe juu kabisa ya ukingo wa lami. Pale ndipo lami huvunjika na kuacha ngazi, na ukiangukia ngazi hiyo basi likiwa nyuma yako hutakuwa na pa kukwepea. Na kengele si mbadala wa shikamoo. Ukimkuta mzee njiani, punguza mwendo umwamkie; ukimpigia kengele tu, habari zitafika nyumbani kwenu kabla yako.

Wajua majirani wanafanya nini? Burundi, kwenye milima ya kuingia Bujumbura, waendesha baiskeli waliobeba ndizi hushika nyuma ya malori wakati wa kupanda, jambo ambalo nalitaja bila kulipendekeza. Goma, mashariki mwa Kongo, kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo, nacho kimejengewa sanamu mjini. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda kwa wanaume, Magdeleine Vallieres wa Kanada kwa wanawake. Ukizitazama picha za vilima vile vya Kigali, utaona havina cha kuitisha Soni.

Wajua kuwa Umoja wa Mataifa umeitengea baiskeli siku yake, 3 Juni, tangu mwaka 2018? Huku kwetu huangukia mwisho wa masika, wakati wa kukwangua udongo.

Na ya mwisho. Je, wajua kuwa Handeni, ikiwa nyuzi 5 na ushee kusini mwa ikweta, siku yake ndefu kuliko zote haiizidi fupi kwa dakika 40? Mwaka mzima jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, na giza halichelewi. Anayetoka kazini saa kumi na moja na nusu anajua kabisa alichonacho mkononi. Zamani alitegemea dainamo ya kusugua tairi, volti 6 na wati 3, ambayo humulika vizuri ukiteremka kwa kasi na hufifia ukipanda polepole, yaani hukuacha gizani palepale ambapo lori la nyuma linahitaji kukuona. Siku hizi wengi hufunga tochi ya kuchaji kwenye usukani na kipande cha kiakisi kwenye madigadi la nyuma. Kama una pesa ya kimoja tu kati ya hivyo viwili, nunua cha nyuma.