Je, Wajua? Mitambo ya Wawekezaji, Nyaya za Serikali

Barabara kuu inayotoka Isiolo kwenda Moyale hupitia Laisamis. Hapo huchepuka njia ya kilomita 208, iliyokarabatiwa ili mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ufikiwe. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, iligharimiwa na wawekezaji binafsi pamoja na mikopo iliyoratibiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Serikali iliachiwa laini ya umeme ya kilomita 428, kutoka Loiyangalani hadi Suswa, chini ya shirika la KETRACO. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini mkandarasi wa laini, kampuni ya Isolux ya Uhispania, alifilisika, na umeme ukaanza kusafirishwa Septemba 2018 tu. Mkataba ulitaka ucheleweshaji huo ulipiwe fidia, na fidia hiyo ya mabilioni ya shilingi ikawaangukia Wakenya. Kuuita mradi huu wa binafsi, basi, ni kusema nusu ya ukweli. Mchanganyiko kama huo uko pia kwingineko: mitambo ya upepo ya vilima vya Ngong ni ya KenGen, kampuni inayomilikiwa na serikali kwa asilimia 70. Ile ya mwanzo, mwaka 1993, ilikuwa msaada wa Ubelgiji.