Vidonge vikigombana, anayeumia ni wewe!

Wale wa rika langu mnakumbuka. Wagonjwa watatu wa kwanza hapa Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na watu wa kule wakauita ugonjwa huo Juliana. Miaka ile mtu akikonda tu, mtaa ulikuwa umeshamzika. Mwenye virusi azeeke? Nani alifikiria hayo!

Basi leo wapo. Serikali ilianza kugawa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004, na aliyezianza akiwa na miaka 40 sasa kavuka 60, analea wajukuu. Lakini jamani, uzee hauji peke yake. Unakuja na presha, sukari, magoti na kiungulia, na kila kimoja kina kidonge chake.

Nina jirani yangu mmoja mstaafu, jina naliweka kando. Kila usiku anameza kile kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ambacho hapa nchini kilianza kutolewa mwaka 2019. Ni kidonge kizuri kwa kweli. Tatizo ni kwamba mzee ana sukari pia, na kliniki ya sukari anakwenda hospitali nyingine kabisa, ambako kapewa metfomini, vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, daktari wa sukari anajua kama unatumia na hizi nyingine?"

Akacheka. "Mwanangu, nesi wa pale ni shemeji wa mtoto wangu. Nikiropoka, kesho si itakuwa habari ya kijiweni?"

Haya sasa. Dolutegraviri inaziba mlango ambao figo huutumia kuitoa metfomini mwilini. Kwa hiyo metfomini inarundikana kwenye damu. Ndiyo maana waganga hawapendi anayetumia dolutegraviri avuke miligramu 1,000 za metfomini kwa siku, na mzee alikuwa anameza 2,000! Kichefuchefu na kuharisha alikuwa anavisingizia maharage ya jioni. Na figo zikiwa zimechoka, kitu ambacho kwa mtu mzima si cha ajabu, asidi inaweza kujaa kwenye damu na hapo ndugu wakakimbizana na teksi usiku.

Sasa mtu huyohuyo goti likimuuma anapitia duka la dawa kununua diklofenaki, bila cheti wala swali. Diklofenaki inazikaba figo, na tenofoviri nayo inapitia kwenye figo hizohizo. Ukizila kila siku kama karanga, unatafuta balaa.

Kisha kuna magnesiamu, vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Nani hana nyumbani kwake? Vinaikamata dolutegraviri tumboni, ikatoka bila kuingia kwenye damu. Mtu anaapa kwamba hajawahi kuruka dozi hata siku moja, na ni kweli, lakini virusi vinapanda. Dawa hiyo imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake.

Vijana msicheke, zamu yenu inakuja. Binti mmoja wa saluni aliniuliza, "Anti, mimi nina kijiti mkononi, si mimba hainipati?" Nikamwambia inategemea unameza nini. Efavirenzi, dawa iliyotumika sana kabla ya mwaka 2019, inapunguza nguvu ya kijiti, na wapo kina dada waliobeba mimba kijiti kikiwa mkononi. Dolutegraviri haina ugomvi huo. Lakini ukipata kifua kikuu utapewa rifampisini, na hiyo haina rafiki. Inavishusha vidonge vya majira, inashusha kijiti, inashusha na dolutegraviri yenyewe, mpaka wakuongezee kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Ukificha kimoja kati ya hivyo, kingine hakifanyi kazi. Na kwa habari ya mimba, kondomu haigombani na kidonge chochote.

Kina kaka nao na zile dawa za kuongeza nguvu! Ukiwa kwenye dawa zenye ritonaviri, ambazo hupewa wengi waliohamishwa baada ya zile za mwanzo kushindwa, sildenafili inapanda kwenye damu mara nyingi zaidi. Presha inaanguka, kichwa kinazunguka, mtu anazimia gesti na aliyekuja naye anatoroka. Daktari akikuruhusu, ataanzia miligramu 25, tena si zaidi ya mara moja katika saa 48. Si aibu kumwuliza.

Yule mzee sikumwambia aache kidonge chochote, maana kuacha mwenyewe ni hatari nyingine. Nilimwambia avitie vyote kwenye mfuko mmoja, vya sukari, vya goti na vya kiungulia, avimwage mezani kwenye kliniki yake ya virusi. Kule wanajua tayari, hakuna cha kumficha nesi. Alikwenda Jumanne. Metfomini wamepunguza, damu wamechukua kupima figo, na diklofenaki wameibakiza pale mezani. Goti sasa analisugulia dawa ya kupaka, na analalamika kwamba inanuka.