Nyenje Asiyezibwa Masikio na Wimbo Wake

Gryllus bimaculatus ni nyenje mweusi wa mashambani, mwenye madoa mawili ya manjano kwenye mashina ya mbawa. Anaishi Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu za Asia. Mchana hujificha chini ya mawe, takataka za majani na ndani ya nyufa za udongo. Usiku dume huimba.

Haimbi kwa mdomo. Chini ya bawa la kulia kuna mshipa wenye meno kama tupa ya fundi, na ukingo wa bawa la kushoto huyakwaruza kila mbawa zinapofungwa. Mlio hutetema karibu mara 5,000 kwa sekunde na kufikia takriban desibeli 100. Masikio nayo yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, jirani kabisa na kelele hiyo. Mbona hawi kiziwi?

Jibu lilipatikana Cambridge mwaka 2006. James Poulet na Berthold Hedwig waliitambua seli ya neva ambayo, mbawa zikilia, huupunguzia mfumo wa kusikia makali yake. Mbawa zikitulia, usikivu hurejea, na dume anaweza kumsikia mpinzani aliye jirani.

Jike hana tupa, ni msikilizaji tu. Mwaka 1913 Johann Regen alimsikilizisha jike wa nyenje wa Ulaya, Gryllus campestris, wimbo wa dume kupitia simu. Jike akaifuata simu! Sijui jaribio jingine la wadudu lililo rahisi na zuri kama hilo: hapakuwa na harufu wala umbo la dume, ila sauti tupu.

Baada ya kupandwa, jike huchomeka mrija wake wa kutagia kwenye udongo wenye unyevu. Penye joto, mayai huanguliwa kwa wiki mbili hivi. Tunutu hufanana na wazazi wao ila hawana mbawa, na hujivua ngozi mara nane hivi. Yule binamu wa Ulaya hukaa shimoni majira yote ya baridi akiwa bado tunutu; huyu wetu hahitaji kungoja, na kwenye joto la nyuzi 30 hukomaa kwa muda wa miezi miwili au pungufu.

Mbawa kamili hutokea ngozi ya mwisho ikivuliwa, kwa hiyo tunutu hawezi kuimba. Mfugaji wa nyenje akianza kusikia milio kwenye makreti, hujua wakati umefika wa kuweka vyombo vya udongo mbichi wa kutagia.