Je, Wajua? Mawe ya Igoma, Barafu ya Milimani na Ziwa Lililokauka

Je, wajua kwamba mawe ya Igoma, jijini Mwanza, ni ya kale kuliko karibu kila kitu utakachowahi kukigusa? Granaiti hii inayochomoza katikati ya nyumba na kupanda hadi vilimani ilipoa na kuganda chini ya ardhi takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo duniani hapakuwa na samaki wala jani.

Je, wajua kwamba hakuna aliyeyapanga, wala barafu haikuyaleta? Kaskazini mwa Ulaya na Marekani, mawe mengi makubwa yaliyokaa peke yake yaliachwa na mito ya barafu, yaani barafu nene inayoteleza polepole huku ikikokota mawe na kukwangua mwamba. Ya Mwanza yalizaliwa papo hapo yalipo. Granaiti ikiwa bado imefunikwa na udongo, maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa zake na kuiozesha kidogo kidogo. Pembe za jiwe huliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndizo huisha kwanza, na jiwe hubaki mviringo. Baadaye udongo ulisombwa na mvua, mawe yakaachwa yamepandana. Bismarck Rock, linalosimama majini pale mjini, lina historia hiyohiyo.

Kazi yenyewe bado inaendelea, na inaonekana kwa macho. Pita kwa wapasua kokoto ukaangalie jiwe lililofukuliwa karibuni. Lina ganda la kahawia ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linamomonyoka. Chembe zinazong'aa kama chupa zimebaki nzima, lakini zile nyeupe zimelainika na kuwa udongo. Nyundo hailemewi na ganda hilo. Ugumu uko ndani, ndiyo maana wapasuaji huwasha moto juu ya jiwe mpaka lipate ufa.

Je, wajua kwamba vilima vya mawe vya Tanzania vimeingia katika vitabu vya jiolojia duniani kote? Mjerumani Wilhelm Bornhardt alivichunguza zama za ukoloni na kuchapisha kitabu chake mwaka 1900. Hadi leo wanajiolojia hukiita kilima cha mwamba mtupu chenye umbo la kuba kwa jina lake.

Je, wajua kwamba mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kuwa ameona theluji juu ya Kilimanjaro, Mei 1848, wapo wataalamu wa London waliokataa katakata? Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2.

Je, wajua kwamba barafu ya Afrika Mashariki iliwahi kushuka hadi kwenye usawa wa misitu ya leo? Katika milima ya Rwenzori, Uganda, matuta ya mawe yaliyosukumwa na barafu yanapatikana hadi karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mmarekani Daniel Livingstone alitoboa tope la Ziwa Mahoma, lililozibwa na tuta la namna hiyo, na mwaka 1962 akaonyesha kuwa barafu ilikuwa imekwisha kuondoka pale yapata miaka 15,000 iliyopita.

Mwanafunzi wake, Robert Kendall, akalitoboa tope la Ziwa Victoria na kuhesabu chavua za mimea ya kale. Na hapa ndipo Mwanza inapoguswa na barafu ambayo haikuwahi kufika kwake.

Je, wajua kwamba ziwa hili lilikauka? Enzi ya barafu haikuleta baridi tu, ilileta na ukame mkali katika ukanda wetu. Thomas Johnson na wenzake walipima tabaka za chini ya ziwa na kutoa tope lake, na mwaka 1996 wakatangaza kuwa hata sehemu yenye kina kirefu zaidi iliwahi kuwa nchi kavu. Maji yalianza kurudi yapata miaka 15,000 iliyopita, karibu na wakati uleule barafu ilipokuwa ikirudi nyuma Rwenzori. Mimi naona hili ni jambo la kustaajabisha kuliko mengine yote hapa: palipo na maji kuanzia Mwanza hadi Entebbe, mtu angeweza kuvuka kwa miguu.

Je, wajua kwamba furu wa ziwa hili, wanaokadiriwa kufika aina 500, wengi wao wametokea baada ya maji kurudi? Kwa wanabiolojia hiyo ni kasi isiyo na mfano. Sangara alipopandikizwa katikati ya karne ya 20, alimaliza aina nyingi kabla hazijapewa hata jina.

Je, wajua kwamba Nile Nyeupe ilipata nguvu tena pale ziwa lilipojaa na kufurika Jinja?

Je, wajua kwamba ziwa linakauka na kujaa upesi hivi kwa sababu ni la kina kifupi? Lina karibu kilomita za mraba 69,000, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Zaidi ya robo tatu ya maji yake hutoka moja kwa moja kwenye mvua inayolinyeshea, si kwenye mito. Mvua kubwa za kuanzia mwaka 1961 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 lilifika tena kwenye kimo lilichofikia mwaka 1964, likaingia kwenye mialo na nyumba za watu katika nchi zote tatu zinazolizunguka.